Vipimo vyangu vya umeme vinazidi mita ya LUKU kwa karibu theluthi: nigawane vipi na wapangaji kwa haki?

MwenyeUa_Kihonda (Morogoro)

Ndugu zangu, naomba msaada wa mawazo. Mimi ni mstaafu, ninaishi Kihonda hapa Morogoro, na katika ua wangu kuna nyumba ninayokaa na familia pamoja na vyumba viwili vya uani vyenye wapangaji. Sote tunatumia mita moja ya LUKU, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia. Kwa miaka mingi tulichangiana kwa makadirio, mimi nikitoa nusu na wao wakigawana nusu iliyobaki. Lakini tangu mpangaji wa kwanza anunue friza ya kuuzia barafu na maji baridi, makadirio hayo yamezaa manung'uniko. Mpangaji wa pili, ambaye ana taa, redio, birika la umeme na pasi tu, aliniambia kwa adabu kwamba anaona anabebeshwa mzigo wa mwenzake. Nami naona ana hoja.

Mjukuu wangu anayesoma chuo alinishauri tutengeneze vipimo vyetu wenyewe. Tulinunua bodi ya ESP32, ambayo ni kompyuta ndogo ya kuprogramu, na klampu tatu za kupimia mkondo za SCT-013-000, zile za ampia 100 zinazotoa miliampia 50. Kila klampu tumeiunganisha na rizista ya omu 33, na kwa msaada wa rizista mbili za kilo-omu 10 na kapasita ndogo tumeinua wimbi hadi volti 1.65, kwa kuwa bodi haisomi volti hasi. Klampu moja iko kwenye laini ya nyumba kubwa, ya pili kwa mpangaji wa friza, ya tatu kwa mpangaji wa birika. Programu inasoma ampia, inazidisha kwa volti 230, kisha inajumlisha uniti kila dakika na kuzionyesha kwenye simu. Kwa sababu klampu zilikuwa zikionyesha wati 38 hivi hata breka zote zikiwa zimezimwa, mjukuu aliweka sharti kwamba mkondo wowote ulio chini ya ampia 0.2 uhesabiwe kuwa sifuri.

Sasa tatizo ni hili. Kwa siku kumi nimeandika daftarini, kila alfajiri, uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU. Zilishuka kutoka 96.4 hadi 41.9, yaani tumetumia uniti 54.5. Katika siku hizohizo vipimo vyetu vilionyesha 39.6 kwa nyumba kubwa, 24.3 kwa mpangaji wa friza na 7.4 kwa mpangaji wa birika, jumla 71.3. Tofauti ni uniti 16.8, ambazo kwa bei tunayonunulia sisi ni karibu shilingi 6,000.

Nina maswali mawili. Kwanza, je, inawezekana mita ya LUKU inasoma pungufu? Nauliza kwa hofu ya kweli, kwa sababu siku mkaguzi akija na kukuta mita inasoma chini ya matumizi, mwenye nyumba ndiye atakayeonekana mwizi. Pili, ikiwa kosa liko kwangu, je, naweza kuchukua uwiano wa vipimo vyangu na kugawa kwa huo zile uniti 54.5, ili kila mtu alipe kwa sehemu yake? Mjukuu anasema hilo linatosha. Mimi sina hakika, na sipendi kumtoza mtu fedha kwa kipimo nisichokiamini.

Kisauni_Pwani (Mombasa)

Mzee wetu, shikamoo. Kabla ya mambo makubwa, naomba uhakikishe mawili madogo. Klampu izunguke waya mmoja tu, ule wa laivu. Mimi mara ya kwanza niliifunga juu ya kebo nzima yenye laivu na nyutro pamoja, nikapata sifuri huku jiko la umeme limewaka jekundu, kwa sababu mkondo unaokwenda na ule unaorudi hufutana. Kwa kuwa wewe unapata namba, nadhani hilo umelivuka. La pili ni mdomo wa klampu: ukibaki wazi hata kwa unene wa karatasi, au ukiwa na vumbi, kipimo hushuka. Lakini chako kinazidi, hakipungui, kwa hiyo chanzo naona kiko kwingine.

Mwalimu_wa_Fizikia (Dodoma)

Mzee wangu, shikamoo. Nakuomba uondoe hofu kuhusu mita ya LUKU, kwa sababu maelezo yako yenyewe yanaonyesha mahali tofauti ilipotoka. Klampu haipimi uniti. Klampu inapima ampia, na safari ya kutoka kwenye ampia hadi kwenye uniti ina vituo viwili ambavyo programu yenu imeviruka.

Kituo cha kwanza ni volti. Mmeandika 230 kana kwamba ni namba isiyobadilika, lakini katika mitaa mingi volti hushuka jioni watu wanapowasha vifaa kwa pamoja. Ikiwa nyumbani kwako kuna volti 209 wakati programu inazidisha kwa 230, tayari umeongeza asilimia 10 ambazo hazipo.

Kituo cha pili ni kikubwa zaidi, na ndicho kinachogusa haki unayoitafuta. Umeme wa gridi hubadili mwelekeo: hukamilisha mzunguko wa kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Katika birika, pasi au hita, volti ikipanda mkondo nao hupanda palepale, zikishuka hushuka pamoja, na kila ampia inafanya kazi yake yote. Katika mota, kama ile ya friza, ya pampu au ya feni, mkondo huchelewa nyuma ya volti. Fikiria mtoto kwenye bembea: ukimsukuma wakati anakwenda mbele, nguvu yako yote inamfaa, ukimsukuma wakati bado anarudi nyuma, unachoka bila yeye kupaa. Vivyo hivyo sehemu ya mkondo wa friza huenda na kurudi kwenye nyaya bila kugeuka kuwa kazi. Klampu inauona mkondo huo wote, lakini mita ya LUKU inahesabu ile sehemu iliyofanya kazi peke yake, na ndiyo unayolipia. Uwiano kati ya viwili hivyo mafundi huuita pawa fakta. Kwenye birika ni 1. Kwenye friza ya nyumbani si ajabu kukuta 0.6 au 0.7, na taa nyingi za LED za bei nafuu huwa karibu na 0.5, ingawa hizo sababu yake ni nyingine: huchukua mkondo kwa vipande vifupi kwenye kilele cha wimbi.

Sasa tazama wapangaji wako. Mwenye friza anapimwa kwa kipimo kinachomzidishia kwa nusu nzima au zaidi. Mwenye birika anapimwa kwa kipimo kinachomzidishia kwa asilimia 10 tu wakati anachemsha maji. Kisha lile sharti la ampia 0.2 linamfutia kabisa taa zake za usiku, kwa kuwa taa mbili za LED za wati 9 pamoja na redio ndogo zinaweza kuchukua chini ya hapo. Kwa hiyo ushauri wa mjukuu wa kutumia uwiano hautoshi. Uwiano ungefaa kama kila klampu ingekosea kwa kiasi kilekile, lakini hapa makosa yanatofautiana kwa kila chumba, na anayeumia ni mtu mmoja. Naomba umwambie kwamba kazi yake ni nzuri. Hata rizista ya omu 33 ameichagua vizuri. Kwa ampia 60 kilele cha wimbi ni ampia 84.9, klampu inaigawa kwa 2,000 na kutoa miliampia 42.4, na hizo zikipita kwenye omu 33 zinatoa volti 1.4 juu na chini ya 1.65. Hilo linabaki kati ya sifuri na volti 3.3, ingawa bodi hiyo hupotosha ikikaribia ncha hizo mbili. Zile wati 38 za uongo zinatokana na kelele ya usomaji wa bodi hiyohiyo, ambayo huonekana sana pale klampu ya ampia 100 inapoulizwa habari za robo ampia.

Usiniamini kwa maneno. Unaweza kuyahakiki haya leo jioni kwa saa ya mkononi, bila kufungua kitu chochote. Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo nyekundu inayomweka, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa uniti moja, kwa mfano 1600 imp/kWh au 1000 imp/kWh. Gawanya 3,600,000 kwa namba hiyo, kisha gawanya kwa sekunde zinazopita kati ya mmweko mmoja na unaofuata, utapata wati halisi zinazopita wakati ule. Kwenye mita ya 1600, mmweko mmoja kila sekunde 9 ni wati 250. Zima breka zote isipokuwa laini moja, washa birika lenye maji mengi (pasi haifai, kwa kuwa hujizima na kujiwasha), hesabu mimweko 30 ukianzia sifuri, na ulinganishe na kinachoandikwa kwenye simu. Kisha rudia kwa friza peke yake, ikiwa inanguruma. Kama niko sahihi, birika litazidi kidogo na friza itazidi sana.

Dawa yake ni kupima volti na mkondo kwa wakati uleule, mara nyingi ndani ya kila wimbi. Unaweza kuongeza transfoma ndogo ya kushushia volti kwenye bodi uliyonayo, kama walivyofanya kwa miaka mingi watu wa mradi wa OpenEnergyMonitor kule Wales, ambao michoro na programu zao ziko wazi kwa kila mtu. Njia hiyo inafundisha sana, lakini inadai kusawazisha, maana klampu na transfoma zenyewe huchelewesha wimbi kidogo. Kwa lengo lako mimi ningenunua moduli tatu za PZEM-004T toleo la 3, moja kwa kila laini. Kila moduli inapima volti, ampia, wati, pawa fakta na uniti, inaanza kuhisi mkondo kuanzia ampia 0.02, na inahifadhi jumla ya uniti hata umeme ukikatika. Moduli zote tatu zinaweza kuzungumza na ESP32 moja kupitia nyaya zilezile, mradi kila moja uipe anwani yake kwanza, ikiwa imeunganishwa peke yake. Klampu iliyokuja na moduli usiibadilishe na nyingine, kwa sababu imesawazishwa pamoja nayo.

Fundi_Makorora (Tanga)

Mwalimu amemaliza upande wa hesabu, nami naomba niseme kuhusu nyaya, kwa sababu jambo hili hunigusa kila ninapoona picha za kazi kama hizi mitandaoni.

Mzee, klampu unazofunga juu ya ganda la waya hazikugusishi na umeme, lakini PZEM ni kitu kingine. Upande wake mmoja una volti 230 kwenye skrubu zilizo wazi, sentimita chache tu kutoka kwenye nyaya za volti 5 ambazo mjukuu amezoea kuzishika kwa vidole. Zikae kwenye kisanduku cha plastiki chenye mfuniko wa skrubu, si kwenye boksi la viatu wala juu ya ubao. Waya wake wa laivu upitie fyuzi ndogo au breka yake yenyewe, ili moduli ikiungua isiunguze nyumba. Kazi ya ndani ya kisanduku cha breka mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na siku ya kazi meni swichi izimwe na ijaribiwe kwa testa kabla ya mkono kuingia. Sili za mita ya LUKU zisiguswe kabisa. Vipimo vyako vyote vianze baada ya mita, upande wako.

Kuhusu klampu: ile SCT-013-000 ina kinga ndani yake, lakini zipo koili za mviringo zisizo na kinga hiyo, na ukiacha nyaya zake wazi wakati laivu inabeba mkondo, zinajenga volti kubwa kwenye ncha. Jizoeze kuunganisha rizista kwanza, kufunga klampu baadaye.

Na kuna jambo ambalo hakuna kipimo kitakachokuonyesha, nalo ni laini zilizochanganywa. Nyumba za uani nyingi ziliongezwa chumba baada ya chumba, na fundi wa wakati ule alichukua umeme pale palipokuwa karibu. Nimewahi kukuta taa ya ulinzi ya ua mzima, inayowaka usiku kucha, imeunganishwa kwenye chumba cha mpangaji, na mpangaji huyo alikuwa akilalamika kwa miaka bila kusikilizwa. Kabla hujaanza kuandika namba, zima breka moja moja, zunguka ua mzima, na uandike ni taa ipi imezimika na soketi ipi imekufa.

MwenyeUa_Kihonda (Morogoro)

Marahaba, wanangu. Nashukuru kwa moyo wote, na naleta majibu ya majaribio.

Mita yetu imeandikwa 1600 imp/kWh. Nilianza na birika saa moja na nusu jioni, nikiwa na saa mkononi na mjukuu akiwa na simu. Mimweko 30 ilichukua sekunde 55, ambazo kwa hesabu ya Mwalimu ni wati 1,227. Simu ilikuwa inaonyesha 1,350. Tulipochomeka maltimita kwenye soketi ya jirani tulikuta volti 209. Nikagawanya 230 kwa 209, nikapata 1.10, kisha nikagawanya 1,350 kwa 1,227, nikapata 1.10 ileile. Mjukuu alinyamaza akaitazama karatasi kwa muda.

Kisha tukamwomba mpangaji wa kwanza ruhusa, tukaacha friza yake peke yake. Hapo ilitubidi kuwa na subira, kwa kuwa mmweko ulikuja kila baada ya sekunde 17 na kitu. Mimweko 10 ilichukua sekunde 173, sawa na wati 130. Simu ilisema 214. Nilimwonyesha mpangaji mwenyewe namba zote mbili palepale, kwa sababu ndiye ambaye angezilipia wati 84 zisizokuwapo kila friza inaponguruma.

Ushauri wa Fundi kuhusu kuzima breka moja moja ulitufunulia nasi jambo: soketi ya nje tunayotumia kuchomeka pampu ya kumwagilia bustani ilikuwa kwenye laini ya mpangaji wa pili. Tumemwita fundi mwenye leseni, ameihamishia kwangu na amezifunga PZEM tatu kwenye kisanduku chenye breka yake.

Leo ni siku ya nane. LUKU imeshuka kwa uniti 43.7. Vipimo vipya vinasema nyumba kubwa 24.6, mpangaji wa friza 12.4, mpangaji wa birika 6.2, jumla 43.2. Kwa vipimo vya zamani sehemu ya mwenye friza ilikuwa asilimia 34.1, sasa ni 28.7, na ya mwenye birika imepanda kutoka 10.4 hadi 14.4. Sisi wote kwa mwezi hutumia uniti 160 na zaidi, kwa hiyo ningefuata ule uwiano wa mwanzo ningekuwa nikimtoza mwenye friza zaidi ya shilingi 3,000 kila mwezi kwa umeme ambao hakuutumia, tena kwa ujasiri wa mtu mwenye mashine. Hilo linanitisha kuliko makadirio yetu ya zamani, kwa sababu makadirio kila mtu alijua ni makadirio.

Kuna jambo moja zaidi. Tuliweka moduli isome kila sekunde moja, na mjukuu akachora grafu ya usiku wa nyumba kubwa. Nilitarajia mstari uliotulia wenye vilima vya friji. Badala yake tuliona michoro kama meno ya kitana: kila dakika 11, wati 550 kwa sekunde 40, usiku kucha, watu wote wakiwa wamelala. Ilikuwa ni pampu inayosukuma maji ndani ya nyumba. Tulipofuatilia tulikuta tangi la choo linavuja polepole ndani ya bakuli, bila sauti, presha inashuka na pampu inaamka kuijaza. Kila kuamka ni kitu kidogo sana, lakini kwa siku ni mara 131, yaani karibu uniti 0.8, robo ya matumizi yangu yote. Raba mpya ya tangi imemaliza tatizo. Nawasihi wanaotengeneza vipimo hivi wasiridhike na jumla ya kila robo saa, maana kwa jumla hiyo meno yote yale yangekuwa mstari mmoja ulionyooka na nisingeona kitu.

Nimebaki na maswali mawili. Zile uniti 0.5 za tofauti zimekwenda wapi? Na je, katika kugawa fedha, nianzie kwenye fedha niliyolipa au kwenye uniti?

Kisauni_Pwani (Mombasa)

Hongera sana, Mzee. Hadithi ya pampu imenifanya nikague tangi langu usiku huu. Naongezea jambo kwa wengine watakaosoma: mita yetu sisi iko juu ya nguzo, na ndani tuna kibao cha kuingizia namba tu, kwa hivyo kuhesabu mimweko haiwezekani. Anayefikiwa na mita anaweza hata kubandika kihisi cha mwanga juu ya ile taa na kuiachia ESP32 ihesabu yenyewe, bila kugusa waya hata mmoja, na kwa nyumba ya familia moja nadhani hiyo ndiyo njia salama kuliko zote. Kwa sisi wa nguzoni, kipimo chetu tukilinganishe na uniti zinazosomeka kwenye kibao, kwa siku nyingi, kama Mzee alivyofanya kwa daftari.

Swali langu ni kuhusu bando. Kusoma kila sekunde si kutamaliza intaneti ya mwezi?

Mwalimu_wa_Fizikia (Dodoma)

Nianze na la bando, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Namba zikibaki ndani ya Wai-Fai ya nyumbani hazitumii bando lolote. Kompyuta ya zamani, au ile ndogo ya Raspberry Pi, yenye programu ya Home Assistant inatosha kuzipokea, na ESPHome, programu ya kuendeshea ESP32, tayari inaifahamu PZEM. Bando huliwa pale mtu anapotuma kila sekunde kwenye seva ya mbali. Tuma huko jumla ya saa, kama unahitaji.

Mzee wangu, kuhusu fedha naomba uanzie kwenye uniti, daima. Bei mnayonunulia ni ya matumizi ya kawaida, na juu yake kuna VAT, mchango wa REA, wakala wa nishati vijijini, na wa EWURA, ndiyo maana inafika shilingi 356 kwa uniti. Lakini ununuzi wako pia hukatwa kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukusanywa kupitia LUKU. Ukigawa fedha uliyolipa kwa asilimia za vipimo, wapangaji watakuwa wanachangia kodi ya jengo lako. Soma uniti ulizopata kwenye risiti, mpe kila mmoja uniti zake kwa 356, na kodi ubaki nayo wewe mwenye jengo.

Na zile 0.5: kwa siku nane, yaani saa 192, uniti nusu ni sawa na kitu kinachokula wati 2.6 bila kupumzika. Niambie kwanza, chaja inayolisha ESP32 na zile moduli tatu zimechukua umeme wapi, kabla ya klampu au baada yake?

MwenyeUa_Kihonda (Morogoro)

Nimetoka kuangalia sasa hivi. Fundi alizichukulia umeme kwenye breka yao wenyewe, kabla ya klampu zote tatu, kwa hiyo hakuna anayezipima.

Mwalimu_wa_Fizikia (Dodoma)

Basi sehemu kubwa ya tofauti yako iko hapo. Kinachobaki kinamezwa na kosa linaloruhusiwa la vifaa vyenyewe: PZEM inatangaza asilimia 0.5, na mita ya nyumbani iliyoandikwa daraja la 1 inaruhusiwa asilimia 1. Ukitaka daftari lifunge vizuri, iandike nusu uniti hiyo upande wa nyumba kubwa, na karatasi ya mahesabu uibandike ukutani mahali ambapo wapangaji wote wawili wanaweza kuisoma na kuikagua wenyewe.

MwenyeUa_Kihonda (Morogoro)

Nimeiandika upande wangu. Karatasi ya kwanza nitaibandika Jumamosi, karibu na mita, na kalamu nitaiacha hapohapo.